Usukani wa Bwana Mifugo

Kijijini Mtinko walimwita Bwana Mifugo, na kwamba alikuwa mwanamke halikumsumbua mtu. Cheo hicho cha mtaalamu wa mifugo kilikuwa kimeshikwa na wanaume waliomtangulia, na alipoletwa yeye hakuna aliyejipa kazi ya kutafuta jina jingine. Watoto walimwamkia, "Shikamoo Bwana Mifugo," naye akaitika marahaba kwa sauti kavu huku hereni zake zikicheza. Wazee waliokuja joshoni kuogesha ng'ombe wao waliambiana, "Bwana Mifugo huyo, fungeni dume." Walipotaka kumwomba jambo ndipo walipokumbuka kumwita binti.

Alivaa suruali ndani ya sketi. Sketi ni ya wazee, alisema, na suruali ni ya pikipiki, na yeye hana muda wa kugombana na yeyote kati yao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya hapo. Tuliishi kwenye nyumba moja ya watumishi iliyogawanywa katikati kwa ukuta ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akigombana na redio, akijisemea maneno kwa Kinyaturu alipodhani nimelala. Naye bila shaka alinisikia nikisali. Kwa umri angeweza kunizaa, lakini hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mwalimu, tangu siku nilipoingia na godoro langu kichwani mpaka leo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama yangu alikuwa hivyo, na sijui kuishi namna nyingine. Nilipohamia pale wasiwasi wangu ukapata kazi ya kudumu, nayo ni kuisikiliza pikipiki ya Bwana Mifugo ikirudi. Jua likishuka nikiwa nasahihisha madaftari, jicho lilikuwa kwenye hesabu za watoto na sikio barabarani. Huko alikokwenda simu yake haikupatikana. Upepo wa kwetu ukivuma unabeba milio yote na kuichanganya, hata lori la vitunguu lililo mbali nililidhania ni yeye. Alipofika, sikumwambia nilikuwa nasubiri. Nilitoka tu nje kama mtu aliyekuja kuanua nguo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya serikali, ndefu, yenye tangi pana, na usukani uliokaa mbali kana kwamba aliyeitengeneza alimpima mtu mmoja tu mwenye mikono ya kufikia dari. Bwana Mifugo alikuwa mfupi. Kuushika ule usukani ilimbidi asogee mpaka tumbo liguse tangi, ainamishe kifua na kunyoosha mikono yote, kama mtu anayesukuma mkokoteni wa maji kwenye mchanga. Akirudi alishuka, akasimama ameshika kiuno, akakunjua viganja vyake polepole, kidole kimoja kimoja.

"Leo imekubeba?" nilimwuliza.

"Hii? Mimi ndiye nimeisukuma."

Jumapili moja baada ya ibada aliileta uani, akatoa spana, akaniita. "Njoo unishikie, mwalimu." Alilegeza nati za vile vyuma vinavyoukaba usukani katikati, kisha akapanda, akafumba macho, akanyoosha mikono mbele yake na kuiacha itulie pale ilipotaka yenyewe.

"Sasa uvute mpaka uniguse," akasema.

Nikauzungusha usukani kumwelekea, taratibu, hadi vishikio vikagusa viganja vyake. Akafumbua macho.

"Hapo. Usipumue."

Akakaza. Mikono ya breki na ya klachi ikawa imeelekea ardhini, kwa hiyo na yenyewe tukailegeza na kuiinua, ili vifundo vyake visikunjike akiendesha. Kazi ya kukaza nati chache ilitumalizia mchana mzima, maana kila alipomaliza alipanda, akashuka, akapanda tena, akasema bado. Nilimwuliza kwa nini asimpelekee fundi.

"Fundi atakaza inapompendeza yeye," alisema. "Na mikono si yake."

Alikuwa mtu wa kukinzana mwenyewe kwa mwenyewe. Aliweza kuingia zizini kati ya madume yanayokwaruza ardhi, akayasukuma kwa nyonga kama anavyosukuma mlango, lakini aliogopa mbwa. Akifika kwenye mji wa mtu alibaki juu ya pikipiki, injini inaunguruma, akipiga kelele, "Fungeni huyo mbwa!" na hakushuka mpaka aone kamba. Kwa watu alikuwa mkali, hakujua kubembeleza. Kwa ndama alikuwa na sauti nyingine kabisa, nyembamba, ya kuomba radhi. Alidharau waganga, ila kabla ya kuwasha pikipiki aligonga tangi kwa vidole na hakutaka mtu amsemeshe mpaka injini iitikie. Niliwahi kumwambia "safari njema" kabla ya wakati. Alishuka, akazunguka pikipiki, akapanda upya.

Kitu kilichomkasirisha kuliko vyote ni mtu kuficha mnyama mgonjwa. Wafugaji waliogopa mnada usije ukafungwa, kwa hiyo ng'ombe akianza kuchechemea na kutoa udenda walimfungia nyuma ya nyumba, wakaleta joshoni wale wazima tu. Bwana Mifugo alikuwa na pua ya kuwajua. Katika kitongoji cha bondeni kulikuwa na mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Siku moja Bwana Mifugo alimfuata mpaka kwake, akazunguka nyumba bila kukaribishwa, akamkuta dume mgonjwa amefunikwa mabua. Nilikuwapo, nimemsindikiza kuchanja kuku wa kitongoji kile.

"Shikamoo mzee," alianza, kwa sababu salamu hakuiruka hata akiwa amevimba kwa hasira. Mzee akaitika. Kisha ikawa kama bati limeezuliwa. "Huyu amekukosea nini mpaka umfiche? Ng'ombe haoni aibu kuumwa, mzee wangu. Aibu ni ya kwako wewe. Unamficha leo, kesho zizi lote linachechemea, na la jirani, na la mtu ambaye hata hamjuani!"

Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wa miiba wakisikiliza. Mzee alitazama miguu yake mwenyewe. Niliogopa. Kwa umri ule hakustahili kusemwa hivyo mbele ya watu, na mtu wa namna ile hasahau.

Kilichompata Bwana Mifugo kilimpata kazini, kwenye kile kichochoro cha mbao wanachopitishia ng'ombe ili wachomwe sindano. Dume la mtu liligeuka katikati, likaubana mkono wake wa kulia kwenye nguzo, likaegemea. Waliokuwapo waliniambia hakupiga kelele. Waliponiletea habari, tayari nilikuwa nimekwishasimama barabarani, maana jua lilikuwa limezama na mlio niliousikia ulikuwa wa ajabu, injini inalia kwa gia ya chini kabisa kama inapanda mlima, na hapo hapana mlima. Alikuja polepole namna ile tangu joshoni. Alisimamisha pikipiki mbele yangu, akabaki amekaa juu yake.

"Nizimie injini," alisema. "Huu wa kulia hausikii."

Zahanati walimfunga mkono kwa kitambaa shingoni, wakampa dawa za maumivu, wakamwambia aende hospitali mjini akapigwe picha. Hakwenda. Nilimkumbusha asubuhi, nikamkumbusha jioni, mpaka akaacha kuniitikia ukutani.

"Mwalimu, wewe hujui ofisi," alisema mwishoni. "Wakiiona hiyo picha watanikalisha kwenye meza mjini. Nitapiga mihuri mpaka nizeeke. Na huku wataacha pawe wazi."

"Na mkono?"

"Mkono utapona. Ng'ombe wanavunjika, wanapona."

Kitambaa alikivaa ndani ya nyumba tu. Nje alikivua. Uvimbe ulipungua, lakini bega lilikataa kurudi kama zamani. Mkono haukuinuka kupita kifua, wala haukunyooka mbele mpaka mwisho. Hakuweza kuchana nywele zake, kwa hiyo kazi ile ikawa yangu. Kila Jumamosi alikaa chini kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda nyuma yake, nikimsuka twende kilioni, ule msuko wa haraka usio na mapambo. Nikigusa shingo upande wa kulia alivuta pumzi kwa meno. Sikuwa naona uso wake, nilihisi tu mgongo ukikakamaa kwenye magoti yangu. Watu wengine wote wa Mtinko walijua kwamba Bwana Mifugo amepona.

Usukani tuliouvuta kwa spana sasa ulikuwa mbali tena. Ili kufikia kishikio cha kulia, kile cha kuvutia mafuta, alipinda mwili mzima, bega la kushoto nyuma na la kulia mbele, akawa anaendesha kiubavu. Nilipomwona akiondoka namna ile niliogopa. Nadhani na yeye aliogopa, kwa sababu ndiye aliyesema twende Singida mjini kutafuta usukani mwingine.

Kulikuwa na duka la vipuri la mzee mmoja Mhindi ambaye babu yake pia aliuza vitu katika mtaa uleule. Kila mtu alimwita Bhai. Alimuuliza Bwana Mifugo anataka usukani wa pikipiki ya aina gani.

"Nataka wa mikono hii," alijibu, akaonyesha.

Bhai hakucheka. Aliagiza kiti cha mbao kisicho na mgongo, akamkalisha katikati ya duka, kati ya matairi na mikebe ya oili, akaanza kumletea usukani mmoja baada ya mwingine. Bwana Mifugo aliushika kila mmoja mbele yake, amefumba macho, amekaa wima kama yuko barabarani. Vijana wa bodaboda waliokuja kununua plagi walisimama mlangoni wakitabasamu. Mmoja akaiga mlio wa injini. Bwana Mifugo hakufumbua macho.

"Mama," Bhai akasema kwa sauti ya chini, "mkono wa kulia unauma?"

"Hauumi. Ni mfupi."

"Mikono ya mtu inalingana."

"Ya kwangu hailingani."

Bhai alimtazama kidogo, akaenda nyuma, akarudi na usukani uliopanda juu na kuzungukia nyuma, ncha zake zikimwelekea mwendeshaji. Bwana Mifugo aliushika. Nikayaona mabega yake yakishuka, yote mawili, kwa mara ya kwanza tangu dume lile.

"Huu," alisema.

"Huu unapanda," Bhai akamwonya. "Mwambie fundi aangalie nyaya. Zako zilikatwa kwa usukani wa chini."

Alimwambia fundi. Mimi ni shahidi, alimwambia zaidi ya mara moja. Fundi, kijana mmoja hodari wa karibu na stendi, alikuwa na simu sikioni na wateja wanamsubiri. Alifunga usukani, akavuta waya wa mafuta, wa klachi na wa breki, zote zikafika. "Zinafika, mama, si unaona mwenyewe?" Na kweli zilifika. Bwana Mifugo alikuwa na boksi la chanjo ya kuku lenye barafu ndani, na barafu ilikuwa inayeyuka. Tukaondoka.

Mpaka nusu ya njia nilikuwa nimeanza kufurahi. Alikuwa amekaa wima, viwiko vimekunjika vizuri, anaendesha kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha nyumbani kwake. Aligeuza hata kichwa akaniambia kitu, jambo ambalo zamani hakuliweza. Kisha tukafika kwenye mchepuko, pale walipokuwa wakijenga kalavati. Njia ilishuka na kukata kushoto, kona ya ghafla kwenye mchanga. Alipunguza mwendo, akaukata usukani kushoto hadi mwisho, na pikipiki ikanguruma yenyewe.

Hakuvuta mafuta. Naapa hakuvuta. Injini ililia kama imekanyagwa, pikipiki ikaruka mbele, nikaona alizeti zinatujia usoni. Nilifunga macho. Nilisikia mabua yakivunjika, halafu kimya, halafu nikajikuta nimekaa chini, goti linawaka, na ua zima la alizeti liko mapajani mwangu.

"Mwalimu! Mwalimu, sema!"

"Nipo."

"Miguu?"

"Ipo."

Alikuwa ameshika klachi na kuzima ufunguo, vyote kwa mkono wa kushoto. Hilo ndilo lililotuokoa tusiende mpaka kwenye mawe. Alifungua boksi la chanjo, akalitazama, akalifunga. Kisha akainua pikipiki kwa kuegemeza kiuno, akaiwasha, akaniita nisogee.

"Sikiliza."

Usukani ukiwa umenyooka, injini ilitulia. Alipougeuza kushoto taratibu, mlio ukapanda, ukapanda, mpaka ukawa ukelele. Akaurudisha, ukatulia. Waya ulikuwa mfupi. Ulifika, kama alivyosema fundi, lakini kwa kunyooka tu. Ukikata kona unavutika, na pikipiki inadhani umeiambia ikimbie.

Alizima, akakaa chini kwenye mabua. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Ningekuwa peke yangu isingekuwa kitu," alisema. "Ningekutupa wewe ningewaambia nini watoto wa darasa la pili?"

Alitoa spana. Alilegeza usukani na kuuzungusha mbele, mbali naye, mpaka waya ukapata nafasi na injini ikaacha kulia kwenye kona. Hivyo tukafika nyumbani salama, yeye amejipinda tena kiubavu. Nilikuwa nyuma yake, shavu karibu na mgongo wake, na kwenye kila tuta nilisikia akivuta pumzi kwa meno. Siku ya mnada aliagiza nyaya ndefu, akazifunga mwenyewe uani, na kabla ya kuurudisha usukani karibu naye aliukata kushoto na kulia, injini ikiwaka, mara nyingi mno hata majirani wakatoka kuuliza kulikoni.

Baada ya hapo mambo yalikaa vizuri kwa muda. Wafugaji waliutazama ule usukani uliojikunja wakasema pikipiki ya serikali imeota pembe. Mkubwa mmoja alikuja kutoka mjini kukagua, akauliza nani amebadilisha mali ya umma. Nilikuwa nimesimama dirishani nikisikiliza. "Ni mimi," Bwana Mifugo alimjibu. "Ule wa zamani ulikuwa wa mtu mrefu." Mkubwa alipanda, akajaribu, akasema si mbaya, akaondoka. Usiku ule alicheka peke yake upande wa pili wa ukuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba usukani mzuri umempa nguvu ya kwenda mbali zaidi kuliko mkono wake.

Na mkono ulikuwa unazidi kuharibika. Kikombe kilimtoka. Kisha kalamu. Asubuhi moja nilitoka na ndoo nikamkuta uani amekwishapanda, anajifunga. Alikuwa amekata ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, anauzungusha kwenye kiganja cha kulia na kwenye kishikio, anakaza fundo kwa meno.

"Unafanya nini?"

"Vidole vinalegea kwenye mashimo. Hivi havitatoka."

"Na ukianguka? Utaburutwa nayo!"

"Sianguki."

"Mama," nilimwambia, na sijui kwa nini nilimwita hivyo siku ile, "mimi sitafundisha leo. Nitakaa hapa barabarani mpaka urudi."

"Basi panda," alisema. "Ni Jumamosi, huna kipindi."

Nilikuwa nimesahau hata siku.

Joshoni palikuwa na watu wengi. Tulipofika aliegesha, akaanza kufungua fundo kwa mkono wa kushoto, lakini mpira ulikuwa umejikaza kwa safari na jasho, haukufunguka. Nilishuka nimsaidie. Watu walikuwa wakitazama. Kabla sijafika, yule mzee wa bondeni alisogea na fimbo yake, akaiegemeza kwenye tangi, akashika fundo kwa vidole vyake vikubwa. Alilifungua polepole, mzunguko baada ya mzunguko, akaukuta mkono uliolala mle ndani, umepauka, alama za mpira zimeingia kwenye ngozi. Hakuuachia.

"Shikamoo mzee," Bwana Mifugo alisema.

"Marahaba, binti." Aliuinua ule mkono kidogo, akaona ulipokomea. Nilijua anachokwenda kusema, na nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya mwenzangu. "Na huyu anayechechemea," mzee akasema, "amekukosea nini mpaka umfiche?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata mzee mwenyewe alikuja na nia ya kucheka, ikamtoka alipouona mkono. Alitoa ukanda wa mpira, akauweka mfukoni mwake mwenyewe, akarudi kwa ng'ombe wake.

Bwana Mifugo alichanja ng'ombe wote siku ile kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu, bila kujificha tena. Mzee alisimama upande wa pili wa kichochoro akiwashika pembe. Tuliporudi aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jioni redio haikuwaka. Nilimsikia akijigeuza kitandani, nami nikajigeuza. Asubuhi alibisha mlango wangu na kitana mkononi.

"Nisuke vizuri, mwalimu. Nakwenda hospitali."

Hospitali walisema nyama za ndani ya bega zilichanika na kushikana ovyo, na kwamba amechelewa sana, lakini mazoezi yanaweza kumrudishia kidogo. Walimkataza pikipiki. Ikawa kama alivyosema, akakalishwa kwenye meza mjini. Kijijini hapakubaki wazi. Waliletewa kijana mrefu, mpole, ambaye magoti yake yaligonga ule usukani kwenye kila kona, akaomba ufungwe wa zamani. Watu wakamwita Bwana Mifugo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikilisikia jina lile uani nageuka, halafu simwoni mtu niliyemtarajia.

Miaka ikapita. Nilihamishwa shule, tukawa watu wa kupigiana simu sikukuu. Mwaka huu nimekwenda mjini kwa semina ya walimu, nikamtafuta mtaa wa Utemini anakoishi tangu alipostaafu. Nilimkuta ana nywele nyeupe, banda la kuku, na uani, chini ya turubai, pikipiki ndogo nyekundu ya kwake mwenyewe.

Nilisimama. Aliona ninachokitazama.

"Angalia kwanza," alisema, akauinua mkono wa kulia mbele yangu. Ulipanda mpaka usawa wa jicho, ukatetemeka, ukakaa. "Nimeufundisha kwa fimbo ya ufagio kila siku. Daktari ameniruhusu. Ya hapa hapa mtaani tu."

"Na usukani?"

"Nilikaa kwenye kiti cha Bhai asubuhi nzima. Siku hizi anauza mwanawe, hana subira."

Tulipeana habari za watu wote tunaowajua. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye jiko la mkaa. Alifunua, akaonja, akasema mafuta yamekwisha, anakwenda dukani mara moja. Nilisema nitakwenda mimi. Alikuwa amekwishavaa helmeti.

"Wewe angalia maharage," alisema. "Yasikaukie."

Alipanda. Alitoka getini amekaa wima, mikono imekunjika, bega la kulia chini kidogo kuliko la kushoto. Nilitoka mpaka barabarani. Nilimwona akifika kwenye duka la kwanza, akasimama, akaondoka tena, akakata kona kuelekea barabara kuu ya malori. Alikuwa amesema mtaani tu. Mlio wa ile pikipiki ndogo nilikuwa siujui, kwa hiyo kila pikipiki iliyolia upande ule ilikuwa yeye, na kila iliyotokea haikuwa yeye. Mama mmoja aliyekuwa akianika mtama aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, namsubiri mtu. Lori lilipiga honi ndefu kule kwenye lami. Nilianza kutembea, kisha nikaanza kukimbia, mkoba wa semina unanipiga mgongoni.

Alitokea kwenye kona mbele yangu akiwa na galoni ya mafuta ya alizeti imening'inia kwenye usukani. Alisimama kando, akainua kioo cha helmeti.

"Unakwenda wapi?"

"Nilikuwa... ulikawia."

"Duka la hapa limefungwa, nimekwenda la kule." Alininusa, akanusa upepo unaotoka upande wa nyumbani kwake, akakunja uso. "Mwalimu. Maharage uliyaacha na nani?"

Niligeuka nianze kurudi. Alitikisa kichwa, akasogea mbele juu ya kiti, akaniachia nafasi nyuma yake.

"Panda tuwahi," alisema. "Labda ya juu yamepona."